Karo si Septiki

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke kabla sijamaliza, hamjambo.

Waandaaji waliponipigia simu waliniuliza nitazungumzia nini. Nikawaambia: shimo la majitaka. Simu ikanyamaza. Baada ya muda yule bwana akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, kwenye kadi tuandike nini?" Nikarudia jibu langu lile lile. Akacheka kidogo, akaniaga. Sasa angalieni kadi zenu. Zimeandikwa "Mazingira Yetu".

Simlaumu. Sote tumelelewa hivyo. Kitu hiki kipo nyuma ya nyumba, kila siku tunakitumia, na hatukitaji. Tunapolazimika kukitaja, tunachukua neno lolote lililo karibu na mdomo. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na ndiyo sababu leo nitakaa sana kwenye majina kuliko mlivyotarajia kutoka kwa mtu wa majitaka.

Tuanze na kitu chenyewe. Shimo la majitaka ni shimo lililochimbwa kupokea maji machafu ya nyumba, ya chooni, bafuni na jikoni, mahali ambapo hakuna bomba la mtaa la kuyabeba. Basi. Hakuna mtambo ndani yake, hakuna umeme, hakuna kinachosafishwa kwa makusudi. Maji yakishaingia humo yana njia mbili tu. Ama yanavuja polepole kwenda kwenye udongo, ama yanakaa pale pale hadi gari lije kuyanyonya.

Shimo linalovuja hujengwa kwa mawe au matofali yaliyopangwa bila saruji kwenye viungo, na chini huachwa udongo mtupu au kokoto. Maji yanapita kwenye mianya, vigumu vinabaki. Likiwa jipya hunywa vizuri sana, na mwenye nyumba husifia. Lakini mwaka hadi mwaka mafuta ya jikoni, sabuni na utando mweusi wa vijidudu hujibandika kwenye kuta na kuziba vinyweleo vya udongo. Siku moja shimo linakataa kunywa. Zamani watu walichimba jingine kando yake, na hilo likikataa, la tatu. Nimewahi kuona uwanja wa nyumba moja wenye manne, na mwenyewe akikumbuka mahali pa mawili tu.

Shimo lisilovuja ni tanki. Halina tundu la kutokea. Kazi yake ni kutunza tu. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka tanki la namna hii liwe na ujazo wa lita 18,000 kwa watu wawili, na lita 6,800 zaidi kwa kila mtu anayeongezeka. Familia ya watu watano, piga hesabu, ni lita 38,400. Linasikika kama bwawa. Sasa kila mmoja wao akitumia lita 120 kwa siku, tanki hilo linajaa kwa siku 64. Kila baada ya miezi miwili gari lazima lije. Ndiyo maana hata huko waliko na kanuni hizo, mtu hujenga tanki la namna hii pale tu njia nyingine zote zinaposhindikana.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Waingereza na Wamarekani wana neno moja kwa mashimo haya mawili. Wote husema "cesspool". Ila Mmarekani akilitamka anamaanisha shimo linalovuja, na Mwingereza anamaanisha tanki lisilovuja. Lugha moja, neno moja, vitu viwili vinavyopingana. Mmoja akiona udongo unaozunguka shimo lake unakunywa maji, analala usingizi, maana shimo linafanya kazi. Mwenzake akiona hivyo hivyo, anampigia fundi simu usiku huo huo.

Msiwacheke. Sisi tuna karo.

Karo la maji machafu, nasema, si karo ya shule. Tuna bahati ngeli zinatutenganishia: lile la nyumbani hujaa, ile ya shule haijawahi kujaa. Lakini karo ni nini hasa? Muulize huyu, atakwambia ni shimo linalonyonya. Muulize yule, ni tanki la zege. Wa tatu atakuonyesha pale mama anapooshea vyombo. Kuna anayesema "septiki" kwa kila kilichofunikwa kwa mfuniko wa zege, hata kama chini yake ni shimo la kuchimbwa kwa jembe. Kuna anayesema "chemba" kwa yote, ilhali chemba ni kile kisanduku kidogo cha kukagulia bomba. Na kuna wanaosema "shimo la choo" wakamaliza.

Mimi mwenyewe nimeponzwa na neno hili. Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza nilikuwa tayari nalipwa mshahara kwa kazi ya kuwaeleza wengine habari za majitaka, kwa hiyo msinionee huruma. Nilimpata fundi kijana, hodari, mkweli. Nikamwambia, "Nichimbie karo pale nyuma, mita tatu kwenda chini." Nikasafiri kikazi. Niliporudi nilikuta shimo zuri kuliko sebule. Kuta zimepigwa plasta ikang'aa, pembe zimenyooka, sakafu imemwagwa zege. Fundi amesimama kando, mikono kiunoni, ananisubiri nimsifu. "Bosi," akasema, "hili halivuji hata tone."

Alikuwa amenifanyia hisani. Plasta ile hakunidai hata senti.

Mimi na ujuzi wangu wote nilitazama, nikaona kazi safi, nikamshukuru. Kilichoniziba macho sijui ni uchovu wa safari au ni uzuri wa plasta. Tukahamia. Wiki ya sita, asubuhi, mke wangu akaniita bafuni. Povu la sabuni lilikuwa linapanda kutoka kwenye tundu la sakafu, polepole, kama linachungulia. Baada ya povu yakaja maji ya kijivu. Baada ya hayo sitawaeleza.

Nilimfuata yule fundi nikiwa nimefura. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja: "Ulisema karo, au ulisema shimo la kunyonya?" Kule alikojifunzia kazi, karo ndilo lile alilonijengea. Hakuwa na kosa. Kilichovuja kilikuwa neno langu.

Tangu siku hiyo nikiitwa kukagua shimo siulizi linaitwaje. Nauliza: maji yanaingilia wapi, na yanatokea wapi? Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kukupa jina sahihi. Hayana pa kutokea, hilo ni tanki la kutunza. Yanatokea pande zote na chini, hilo ni shimo la kunyonya. Yanaingilia juu upande huu na kutokea juu upande ule, yakiwa yametulia kwanza, hapo ndipo unapopata ruhusa ya kusema septiki.

Septiki ni mnyama mwingine kabisa. Ukifunua mfuniko wa septiki iliyokaa vizuri, usitarajie kuona maji. Utaona gamba la kahawia, limekauka na kupasuka juu kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Hayo ni mafuta, nywele, karatasi na kila kinachoelea. Chukua mti mrefu, mkavu, uliofungwa kitambaa cheupe kwenye sehemu ya chini. Toboa gamba. Mti unapita kirahisi, umeingia kwenye maji. Endelea kushusha. Ghafla unahisi unakokotwa, kama kuna mtu anaushika kwa chini: hilo ni tope. Usiusukume kwa haraka. Ukiutoa, kitambaa kitakusomea habari yote. Sehemu iliyokuwa kwenye tope imekuwa nyeusi tii, iliyokuwa kwenye maji ni ya kijivu tu. Weusi ukifika theluthi ya kina cha maji, ita gari.

Ule mtulizo ndio siri yenyewe. Vizito vinazama, vyepesi vinaelea, na maji ya katikati, yaliyopungua uchafu, yanatoka kupitia bomba lenye umbo la herufi T ambalo mdomo wake umezamishwa chini ya gamba. Yanakwenda kwenye mitaro ya kokoto au kwenye shimo la kunyonya lililo mbele. Humo ndani, bila hewa, bakteria wanaliozesha tope na kulipunguza. Jina lenyewe linasema hivyo. Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter nchini Uingereza, ndiye aliyeuita mtambo wake wa mwaka 1895 kwa jina hilo, akalitoa kwenye neno la Kigiriki la kuoza. Septiki ni tanki la kuozesha. Mtu akikuuzia dawa kali ya kuua vijidudu, akasema uimimine kwenye septiki yako kila mwezi, amekuuzia sumu ya wafanyakazi wako mwenyewe.

Na hata septiki haimalizi kazi. Maji yanayotoka humo bado yana vijidudu vya maradhi. Udongo wa mbele ndio unaoyachuja. Nasema haya kwa sababu nimekutana na watu wanaoelekeza bomba la septiki mtaroni kwa amani kabisa ya moyo, wakiamini yametoka masafi.

Sasa niwapeleke London, maana huko shimo hili liliandika historia.

Mwanzoni mwa karne ya 19 makadirio yanayotajwa ni kwamba mji ule ulikuwa na mashimo ya majitaka yapata 200,000. Mengi yalikuwa chini ya sakafu za nyumba, watu wakila na kulala juu yake. Wachotaji waliruhusiwa kufanya kazi usiku tu, na walichochota kiliuzwa mashambani kama mbolea. Mfumo ulijikokota hivyo kwa karne nyingi. Uliovunja mgongo wake ni choo cha kuvuta maji. Choo kile kilisifiwa kuwa usafi umefika, na ndani ya nyumba kweli ulifika. Lakini kila mvuto ulipeleka ndoo nzima ya maji kwenye shimo lililochimbwa kupokea kinyesi kikavu. Mashimo yakafurika.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliangukia mtaa wa Broad Street, eneo la Soho. Waliokufa walifika 616. Madaktari wengi wakati ule waliamini maradhi yale yanaletwa na harufu. Kwao kilichonuka kiliua, na kisichonuka kilikuwa salama. Daktari John Snow hakukubali. Alifuata vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimezunguka pampu moja ya maji, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ile ukaondolewa.

Hapo wengi huishia hadithi. Mimi napenda kinachofuata. Mchungaji wa eneo lile, Henry Whitehead, alianza uchunguzi wake akitaka kumkosoa Snow. Aliwajua wakazi kwa majina, akawa anarudi nyumba ile ile mara tatu, mara nne. Mwisho akaifikia nyumba namba 40, iliyokuwa karibu kabisa na pampu. Mtoto mchanga wa miezi mitano alikuwa ameharisha na kufa humo, na kuugua kwake kulianza kabla ya mlipuko. Mama yake alikuwa akiloweka nepi kwenye ndoo, na maji ya ndoo akiyamwaga kwenye shimo la majitaka lililokuwa mbele ya nyumba. Mwaka 1855 walilifukua. Matofali yake yalikuwa yamelegea, yanatoka kwa mkono. Kati ya shimo lile na kisima cha pampu hapakufika mita moja, na udongo wa katikati ulikuwa umelowa.

Maji ya kisima kile yalipendwa. Kulikuwa na waliokuwa mbali waliotaka yao yatoke pale tu. Kwa pua hayakuwa na kosa lolote.

Wakubwa wa mji, kabla ya hapo, walikuwa wameshachukua hatua yao. Kuanzia mwaka 1848 waliamuru mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe kwenye mifereji. Mifereji ilikwenda wapi? Mto Thames. Na makampuni ya maji yalichota wapi? Mto Thames. Kipindupindu cha 1848 hadi 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 katika mji ule. Walipigana na harufu ndani ya nyumba kwa kuihamishia kwenye maji ya kunywa. Ilipofika kiangazi cha 1858 mto wenyewe ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa kwenye kloridi ya chokaa ili wabunge waweze kukaa. Pesa za mfumo mpya wa mabomba, alioujenga mhandisi Joseph Bazalgette, zikapita upesi ajabu. Miaka na miaka ya vifo haikuwasukuma hivyo. Pua zao ziliwasukuma.

Pua inadanganya namna mbili, na ya pili ni mbaya zaidi. Vijana wa mlangoni, hii ni yenu.

Kinyesi kikioza bila hewa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Kwa kiwango kidogo inanuka vibaya, unakunja uso, unarudi nyuma. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, neva za kunusa zinalemaa. Harufu inapotea. Mtu aliye mdomoni mwa shimo anasema, "Sasa imepungua, naweza kuingia." Haikupungua. Imeongezeka. Ikipanda kufikia mamia kadhaa, anaweza kuanguka baada ya kuvuta pumzi mara chache tu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kama maji. Pamoja nayo kuna methani, ambayo inawaka, kwa hiyo anayemulika shimo kwa kiberiti anaomba aende mapema.

Anayefuata ni ndugu yake. Anamwona mwenzake amelala chini pale, hatua tatu tu, anaruka. Kisha baba. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye nafasi finyu kama hizi walikuwa waokoaji. Si wale walioingia kwa kazi, ni wale walioingia kwa upendo. India mwaka 2013 ilitunga sheria inayokataza kumtuma mtu kusafisha septiki au mfereji wa majitaka bila zana za kujikinga na hatua za usalama, na bado habari za vifo hivyo hazijakoma. Mimi nasema hivi: mtu asiingie. Kazi hiyo ina bomba na pampu. Akishaanguka mtu, kama huna mtungi wa hewa na kamba na watu wa kukuvuta, piga kelele, ita zimamoto, kaa nje. Najua ninachokuomba ni kigumu kuliko kuingia.

Kuna waliozama bila hata kushuka. Tarehe 26 Julai 1184, katika mji wa Erfurt, Ujerumani, Mfalme Heinrich wa Sita aliitisha baraza la kusuluhisha ugomvi kati ya mtawala wa Thuringia na Askofu Mkuu wa Mainz. Wakubwa wakajaa chumba cha juu. Sakafu ya mbao ikakatika, wakaanguka, na kwa uzito wao wakapita na sakafu ya chini yake mpaka kwenye shimo la majitaka lililokuwa chini ya jengo. Wapatao 60 walifariki, wengine kwa kuangukiwa na mbao na mawe, wengine kwa kuzama. Mfalme na Askofu walipona kwa kuwa walikuwa wamekaa kwenye kidirisha cha ukuta wa mawe, wakabaki wananing'inia hapo hadi wakaletewa ngazi. Hadithi hii sina la kuifanyia. Nimeileta kwa sababu watu husema shimo ni tatizo la wanyonge.

Niingie kwenye matumizi mengine ya neno, maana niliahidi majina.

Kiingereza hulichukua neno hili la shimo na kulitupia mahali popote palipojaa uovu: mji, ikulu, mtandao wa kijamii. Sisi tunayo yetu. Tunasema dimbwi la ufisadi, lindi la umaskini, jalala la maadili. Lindi ni shimo refu lolote, hata la choo, kwa hiyo tumefika karibu sana na wenzetu bila kuambizana. Na tuna kitenzi ambacho sijakisikia kwingine: kutapika. Karo limetapika. Wenye nyumba wasio waungwana nao husubiri mvua kubwa, wakatoboa ukuta wa shimo, uchafu ukaenda na mafuriko. Hiyo inaitwa kutapisha. Napenda ukweli wa neno hilo. Linakuambia tendo lilivyo, na linakuambia nani atakayekanyaga.

Sina ugomvi na matusi, kila lugha inayahitaji. Ila tusi hili lina kosa la kiufundi. Anayesema "ofisi ile ni shimo la majitaka" anataka tuelewe kwamba uchafu unazaliwa pale. Shimo halizai kitu. Katika miaka yangu yote sijafunua mfuniko nikakuta kitu ambacho watu wa nyumba ile hawakukiweka wenyewe. Nimekuta saa ya mkononi, nimekuta nepi, nimekuta barua za mapenzi kwenye mfuko wa plastiki, lakini zote zilitoka ndani ya nyumba. Kwa hiyo ukitaka kulitumia neno kwa haki, litumie kwa mahali ambapo mambo yanaingia na hayana njia ya kutokea. Ofisi ambayo malalamiko yanapokelewa, yanagongwa muhuri, na hakuna hata moja lililowahi kutoka na jibu, hapo umesema sawasawa. Hilo ni tanki la lita 18,000, na gari halijaitwa.

Msidhani mambo haya ni ya kale au ya nchi maskini. Hawaii, visiwa vya Marekani ambavyo watu hupanda ndege kwenda kupumzika, vina mashimo ya kuvuja zaidi ya 80,000. Kila siku yanamwaga ardhini kama lita milioni 200 za majitaka ambayo hayakutibiwa. Miamba ya huko ni ya volkano, imejaa mipasuko. Maji hayachujwi, yanateremka moja kwa moja kwenye maji ya chini ya ardhi na kutokea kwenye matumbawe. Mwaka 2016 walipiga marufuku mashimo mapya, na sheria ya 2017 inataka yaliyopo yabadilishwe kufikia 2050. Kwa nchi nzima ya Marekani, mashimo makubwa, yale ya majengo yanayohudumia watu 20 au zaidi kwa siku, yalitakiwa yawe yamefungwa kufikia tarehe 5 Aprili 2005. Na kimojawapo cha vinavyowasumbua huko hakina rangi wala harufu. Ni naitreti, inayopita kwenye udongo hata pale vijidudu vinapokwama, na ikizidi kwenye maji humdhuru mtoto mchanga kwa kuizuia damu yake isibebe oksijeni.

Udongo, basi, ndio mwenye neno la mwisho. Udongo wa mfinyanzi unakataa maji, shimo linatapika. Mwamba uliopasuka unapokea kila kitu, na kisima cha jirani kinalipa. Kanuni inayotumiwa sana kwenye kambi za dharura ni mita 30 kutoka chanzo cha maji, na kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi. Kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 hazitoshi. Kabla ya kuchimba, toboa kishimo kidogo, kijaze maji, kiache usiku kucha, asubuhi kijaze tena, kaa na saa uone yanashuka kwa kasi gani. Ni kazi ya kuchosha. Fundi atakwambia anaujua udongo kwa kuutazama. Mwambie akae na wewe hapo kwenye saa.

Mama mmoja hapa mbele aliniwahi kabla sijapanda jukwaani. Ameniambia amenunua nyumba, ameambiwa ina septiki, na hajui kama ni kweli. Mama, tafuta mfuniko. Usiuinue peke yako, usiinamishe uso wako juu ya tundu, watoto wawe mbali. Ukikuta mfuniko mmoja tu, anza kushuku. Septiki kamili mara nyingi ina vyumba viwili. Kisha tafuta bomba la kutokea. Kama halipo, sahau neno uliloambiwa. Kama lipo, lifuate mpaka mwisho wake, hata kama mwisho wake ni uani kwa jirani.

Mtauliza lile shimo langu la plasta liliishia wapi. Hatukulivunja. Yule fundi alijenga ukuta wa kuligawa katikati, akaweka bomba la T kila upande, akachimba shimo la kunyonya umbali wa hatua kadhaa, safari hii matofali bila saruji. Plasta yake ikawa ndiyo bora kuliko zote, maana septiki haitakiwi kuvuja hata tone. Linafanya kazi mpaka leo. Mwenyewe yumo humu ukumbini, mstari wa nne, amenikataza nisimtaje jina. Wakati wa maswali, mwenyekiti, naomba umpe yeye kipaza sauti kwanza.